Gari la Vipande na Meza ya Forodha

Katika kanuni za kimataifa za kupanga bidhaa forodhani, kanuni ya pili ina sentensi ambayo watu wengi wa mpakani wameionja bila kuisoma. Inasema kwamba kitu kilicholetwa kabla ya kuunganishwa kihesabiwe kitu kizima, ikiwa vipande vyake vikikutanishwa vitatoa kitu hicho. Basi mtu wa Kiyeyi, katika nchi ya Wajopadhola wilayani Tororo, akiagiza kutoka Uingereza kreti lenye fremu ya mabomba ya chuma, bodi ya faiba, usukani, rejeta na magurudumu manne, akinuia kujiundia gari la spoti uani kwake, kreti hilo halivuki mpaka kama mzigo wa vyuma. Linavuka kama gari. Hakuna nati iliyokazwa, lakini kwenye karatasi gari limekwisha kuundwa na ushuru wake unadaiwa.

Ukifuatilia historia ya magari yanayoundwa nyumbani utamkuta fundi kila mahali, kajaa grisi, spana mkononi. Husifiwa yeye, na anastahili. Lakini aliyeamua fundi huyo aunde nini, aundie wapi na akomee wapi, mara nyingi ni karani wa kodi aliyeketi mahali asikofika mafuta machafu. Ndivyo ilivyokuwa London, na ndivyo ilivyokuwa Thika, Nairobi, Kampala na Busia.

Tuanze London. Baada ya Vita Kuu ya Pili serikali ya Uingereza ilitoza kodi ya ununuzi juu ya magari mapya, na katikati ya miaka ya 1950 kodi hiyo ilifikia asilimia 60. Kijana wa kawaida aliyetamani gari la mbio alibaki kulitazama dirishani mwa duka. Ila sheria ilikuwa na tundu: kodi ilitozwa juu ya gari zima. Vipande ambavyo mtu angeviunganisha mwenyewe kwake havikuwa gari machoni pa sheria. Colin Chapman, mhandisi aliyeanzisha kampuni ya Lotus, aliliona tundu hilo na akapitisha biashara nzima ndani yake. Mwaka 1957 alitoa Lotus Seven, kigari cha watu wawili kisicho na paa la maana wala milango ya kujivunia, chenye uzito usiofika kilo 500. Injini iliyowekwa katika matoleo ya kwanza ilikuwa ya Ford, ya cc 1172, ile ile iliyokuwa ikisukuma magari madogo ya akina baba wa kawaida. Mnunuzi alipelekewa masanduku, akayafungua, akajiundia.

Inasimuliwa mpaka leo kwamba wakuu wa kodi walikataza muuzaji asitoe maelekezo ya kuunganisha, kwa hoja kwamba vipande vyenye maelekezo ni gari lililofichwa. Chapman, kwa simulizi hiyo, akachapisha maelekezo ya kulifungua gari hatua kwa hatua mpaka liwe vipande, akamwachia mnunuzi ayasome kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Sijui mfanyabiashara yeyote wa Busia ambaye asingetabasamu kwa hila hiyo. Ni akili ya mpakani kabisa, ingawa ilizaliwa mbali na mpaka wowote.

Tundu lilizibwa mwaka 1973, Uingereza ilipofuta kodi ya ununuzi na kuleta kodi ya ongezeko la thamani, ambayo haikujali gari limeunganishwa au halijaunganishwa. Mwaka huo huo Lotus iliuza haki za Seven kwa Caterham, wauzaji wake wa siku nyingi. Mtu angedhani mchezo umekwisha. Haukwisha, kwa sababu watu walikuwa wameonja raha ya kuunda, na raha hiyo haikuhitaji tena sababu ya kodi. Ikaja enzi ya nakala. Gari lililonakiliwa kuliko mengine ni AC Cobra, ndoa ya bodi nyepesi ya Kiingereza na injini kubwa ya Ford ya Marekani iliyofungwa na Carroll Shelby mwaka 1962. Yale ya asili hayakufika elfu moja. Nakala zake zilizoundwa magereji ya nyumbani, bodi ya faiba juu ya fremu ya kuchomelea, zimeyapita kwa mbali sana. Huko California Bruce Meyers alikuwa amekwisha kuonyesha katika miaka ya 1960 kwamba chasisi ya Volkswagen ya kobe ukiivua bodi yake na kuivalisha ganda la faiba hugeuka gari la kuruka juu ya mchanga. Na mwaka 1996 mwalimu mmoja Mwingereza, Ron Champion, alitoa kitabu cha kumfundisha mtu kuunda gari mfano wa Seven kwa pauni 250 tu, akichomelea fremu mwenyewe na kuchukua injini, gia na ekseli kutoka Ford Escort kuukuu.

Hapo kwenye Escort ndipo hadithi inaporudi kwetu, kwa kuwa Escort, Volkswagen ya kobe na Ford ndogo ndogo hazikuwa ngeni Afrika Mashariki. Zilikuwa magari ya walimu, mapadri, makarani na wenye maduka ya nguo. Zilikuwa pia magari ya mashindano. Mbio za Safari zilianza mwaka 1953 kwa kumsherehekea malkia mpya wa Uingereza, zikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka 1954 kobe wa Volkswagen akashinda mikononi mwa Vic Preston na D.P. Marwaha. Mwaka 1962 akashinda tena na Tommy Fjastad. Kanuni ya waanzilishi ilipendeza: gari liwe la kawaida, lile linalouzwa dukani, na barabara ndiyo itakayoamua. Barabara iliamua kwa ukali. Mwaka 1963 yalianza magari 84 yakafika saba. Mwaka 1968 yalianza 93, yakafika saba tena.

Kwa Tororo na Busia mbio hizo zilikuwa somo la bure. Mtoto aliyesimama kando ya barabara ya Kampala hakuona gari la kitajiri likipita. Aliona gari kama la daktari wa misheni, limekatwa, limeimarishwa, limefungiwa taa sita na ngao ya chuma chini ya injini, likipita kwa mwendo ambao daktari hakuujua. Alichojifunza ni kwamba gari linaweza kufanywa jingine. Ndiyo maana nikitafuta Mwafrika Mashariki anayestahili kukaa meza moja na wale waunda magari wa Uingereza, siendi kwa tajiri aliyenunua nakala ya Cobra. Naenda kwa Joginder Singh.

Alizaliwa Kericho mwaka 1932, mtoto wa fundi wa magari, na ujuzi wake aliupata gerejini kabla ya kuupata nyuma ya usukani. Alikuwa fundi aliyeendesha, hakuwa dereva aliyeajiri mafundi, na tofauti hiyo ni kubwa. Mwaka 1965 yeye na mdogo wake Jaswant waliingia Safari kwa Volvo PV544, gari lenye umbo la miaka ya 1940, lililokuwa limekwisha kukimbizwa na timu ya kiwanda na kuachwa huku. Kwa lugha ya mpakani lilikuwa mtumba. Ndugu hao walilifungua, wakalirudishia, wakaondoka Nairobi wakiwa na namba 1 mlangoni, na wakarudi wakiwa wameshinda kwa dakika 100. Timu kutoka Ulaya zilizokuja na magari mapya na makanika wa kulipwa zilibaki nyuma ya gari ambalo kiwanda chenyewe kilikuwa kimemalizana nalo. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, mara hizo kwa Mitsubishi Lancer, na alifariki London mwaka 2013. Ushindi wa Lancer unaonyesha dereva mkubwa. Ule wa 1965 unaonyesha gereji.

Gereji za namna hiyo hazikudumu upande wa Uganda. Agosti 1972 Idi Amin aliwapa Waasia siku tisini waondoke, na waliobeba virago walikuwa pamoja na wenye maduka ya spea, mafundi wa kuchonga shafti, na watu waliojua gasketi ya gari gani inaingia gari lipi jingine. Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, alishinda Safari ya 1973 kwa Datsun 240Z baada ya kulingana kwa pointi na Harry Källström wa Sweden, na kanuni ikabidi itafute jinsi ya kuwatenganisha. Akaja kushinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa Mkenya. Kufikia 1975 hata jina la mbio lilikuwa limepunguzwa, ikabaki Safari bila Afrika Mashariki. Miaka miwili baadaye, 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki yenyewe ikavunjika.

Tukae kidogo Busia, maana wakati wakubwa wanavunja jumuiya, wadogo walikuwa wanaunda chombo chao.

Chini ya ukoloni Kenya na Uganda zilikuwa na forodha moja tangu 1917, na mpaka wa Busia ulikuwa mstari wa ofisi zaidi kuliko ukuta. Uhuru ulileta bendera mbili, na bendera zikaleta vizuizi viwili, afisa wa uhamiaji huku na afisa wa uhamiaji kule. Kati ya kizuizi na kizuizi pakabaki kipande cha ardhi ambacho gari la abiria la Kenya lilikomea kabla yake na la Uganda lilianzia baada yake. Mama mwenye kikapu cha samaki wa kutoka ziwani alishushwa hapo atembee mwenyewe. Ndipo vijana wenye baiskeli walipopata kazi. Walipiga kelele wakitaja walikoenda, kutoka boda hadi boda, na kilio hicho cha miaka ya 1960 na 1970 kimekuwa jina la biashara inayolisha mamilioni kutoka Kampala hadi Mombasa.

Watu husimulia habari hii kama ya biashara. Mimi naiona kwanza kama ya ufundi. Baiskeli iliyokuja kutoka Uingereza, baadaye India na China, haikukusudiwa kubeba mtu mzima nyuma. Iliingia dukani vipande, fremu peke yake, rimu peke yake, spoku zimefungwa mafungu kwa karatasi, na fundi wa baiskeli ndiye aliyeiunda. Fundi huyo hakuishia pale mtengenezaji alipoishia. Aliitupa karia ya kiwandani iliyofaa kubebea vitabu, akachomelea nyingine ya nondo iliyoteremka mpaka kwenye ekseli ili uzito uende chini. Juu yake akaweka godoro dogo la sponji lililoshonewa ngozi bandia, mara nyingi lenye nakshi za rangi kando. Akaongeza vikanyagio vya abiria na chuma cha kushikilia. Uma wa mbele ukafungwa vyuma vya kuukaza. Hili lilikuwa gari la vipande kwa kila maana isipokuwa idadi ya magurudumu: chombo kilichonunuliwa kwa vipande, kikaunganishwa uani, kikageuzwa kufanya kazi ambayo kiwanda hakikuiota.

Na kilikuwa kimezaliwa na forodha. Bila vizuizi viwili na pengo katikati yake, abiria angebaki kwenye basi. Kodi ya Uingereza ilimzaa Lotus Seven; meza mbili za Busia zilimzaa bodaboda. Tena vyote viwili vilipendwa kwa sababu moja: wepesi. Baiskeli iliweza kuacha barabara kuu na kushika vichochoro vya mihogo. Baridi kali ilipoua mikahawa ya Brazil mwaka 1975 na bei ya kahawa ikapaa duniani, kahawa ya Uganda ilivuka kwa magendo kuja Kenya, na soko la Chepkube huko Bungoma likawa jina la kutajwa hata Nairobi. Malori yalibeba sehemu kubwa. Baiskeli zilibeba ile isiyoandikwa.

Miaka hiyo hiyo, upande wa Kenya, serikali iliamua kwamba gari la vipande ni jambo jema, mradi lisiundwe nyumbani. Sababu ilikuwa fedha za kigeni: kuagiza gari zima kulikula dola, kuagiza vipande kungebakiza kazi nchini. Katikati ya miaka ya 1970 vikaanzishwa viwanda vitatu vya kuunganisha: Leyland Kenya huko Thika, General Motors Kenya Nairobi, na Associated Vehicle Assemblers Mombasa, serikali ikiwa na hisa katika vyote. Makreti yalishuka Kilindini yakiwa na kabini ya lori, chasisi, injini na mabegi ya nati yaliyohesabiwa. Wafanyakazi waliyafungua na kuunganisha. Kazi ilikuwa ile ile aliyoifanya kijana wa Kiingereza Jumamosi uani kwake, tofauti ni kwamba hapa ilifanywa kwa laini, kwa kengele, na kwa leseni.

Leseni ndiyo iliyogawa nchi. Tangu hapo yamekuwepo magari mawili ya vipande Afrika Mashariki. Moja lina kiwanda, waziri wa kulizindua na mstari wake katika jedwali la ushuru. Jingine lina mti wa mwembe na jenereta ya kuchomelea, na halina mstari wowote. Sina hakika kwamba la kwanza limetupa ufundi zaidi. Hata wakubwa wa dunia wameucheza mchezo huu kwa namna inayochekesha: Volkswagen iliporudi Thika Desemba 2016, na Rais Uhuru Kenyatta akazindua Polo Vivo, magari hayo yalitoka Afrika Kusini yakiwa yamekaribia kukamilika, yakaja kumaliziwa Kenya. Ukikumbuka maelekezo ya Chapman ya kufungua gari ili liunganishwe tena, utaona kwamba safari hii muuzaji hakuhitaji hila. Sheria yenyewe ilimwalika.

Mara moja Kenya ilijaribu kuruka hatua hiyo. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya, hata kama litakuwa na sura mbaya na mwendo wa pole. Wahandisi wa chuo walishirikiana na Kenya Polytechnic, jeshi na karakana za Shirika la Reli, na Februari 27, 1990, pale Kasarani, yakaonyeshwa magari ya majaribio yaliyoitwa Nyayo Pioneer. Yalisemwa kufika kilomita 120 kwa saa. Yaliundwa matano. Ikasajiliwa Nyayo Motor Corporation, ikapangwa mitambo ya kuyafyatua kwa wingi, na fedha hazikupatikana. Kilichobaki kiligeuzwa kuwa Numerical Machining Complex, kiwanda cha kuchonga spea na vyuma vya mashine.

Imekuwa desturi kuicheka Nyayo Pioneer. Naona kicheko hicho kinakosea mlengwa. Watu waliokuwa na karakana za reli zilizozoea kukarabati vichwa vya treni walitakiwa waunde gari zima, kuanzia injini, wakati jirani yao wa Thika analipwa kwa kufungua makreti. Magari matano kwa miaka michache ni kasi ya mtu anayeunda nyumbani, na kazi yenyewe ilikuwa ya namna hiyo: moja moja, kwa mkono, kila moja tofauti kidogo na mwenzake. Kosa lilikuwa kulitangaza zoezi la gereji kama kiwanda. Chapman naye alianza na gari moja katika banda la kuazima. Ila hakuna aliyemkusanyia uwanja mzima wa watu siku hiyo.

Uganda ilichelewa, na kuchelewa kukaisaidia. Wanafunzi na walimu wa Makerere waliingia katika mradi wa kimataifa ulioongozwa kutoka chuo cha MIT cha Marekani, wakashiriki kubuni gari lililoitwa Vision 200, ambalo lilionyeshwa Turin, Italia, mwaka 2008. Walirudi na jambo lisilouzwa kwenye kreti, yaani kujua jinsi kazi inavyogawanywa. Chini ya Profesa Sandy Stevens Tickodri-Togboa na mhandisi Paul Isaac Musasizi wakaunda gari lao, na Novemba 2011 likatembea barabarani Kampala: Kiira EV, la kijani, la watu wawili, la umeme, lililokusudiwa kwenda kilomita zipatazo 80 kwa chaji moja. Viti viwili, bodi ya chini, sura ya kuvutia macho kuliko kubeba matoke. Kama Afrika Mashariki imewahi kuunda gari la spoti la mkono, ni hili, hata kama chuo kilipendelea kulieleza kwa lugha ya utafiti na mazingira. Kikafuata Kiira EV SMACK mwaka 2014, basi la Kayoola la nguvu ya jua mwaka 2016, kisha kampuni ya serikali, Kiira Motors, na mabasi ya umeme yaliyoundwa kwanza kwenye karakana za jeshi za Luwero Industries huko Nakasongola. Njiani kile kigari cha viti viwili kikawekwa pembeni. Naelewa: basi hubeba raia, gari la spoti hubeba mtu na mchumba wake. Lakini vijana wengi walioingia uhandisi miaka ile hawakuvutwa na basi.

Wengine wamejaribu bila serikali. Joel Jackson, Mwingereza aliyehamia Kenya, alianzisha Mobius kwa wazo ambalo Ron Champion angelitambua mara moja: fremu ya mabomba ya chuma iliyochomelewa, bodi isiyo na madaha, spea zinazopatikana. Magari yalitoka, yakauzwa machache, na Agosti 2024 kampuni ikatangaza kufunga hesabu kwa kulemewa na madeni. Dar es Salaam, mchora katuni Masoud Kipanya aliwashangaza watu Machi 2022 alipozindua gari dogo la umeme. Huwa natamani wachora katuni wengi zaidi waingie gerejini.

Turudi mpakani, maana nako mambo hayakusimama. Jumuiya ilifufuliwa kwa mkataba wa 1999, na Januari 2005 ukaanza umoja wa forodha wenye ngazi tatu za ushuru: sifuri kwa malighafi, asilimia 10 kwa bidhaa nusu, 25 kwa bidhaa kamili. Pikipiki zikaingia na kuisukuma baiskeli pembeni. Uganda ilitangulia katika miaka ya 1990. Kenya ilifuata kwa kishindo baada ya kuondoa kodi ya ongezeko la thamani kwa pikipiki za chini ya cc 250 mwaka 2008. Tazama tena nani aliyeamua: kwa mstari mmoja wa bajeti, fundi wa spoku wa Busia akawa fundi wa kabureta. Pikipiki nazo huja kwa makreti, zikaunganishwa, na zikiisha kuunganishwa fundi wa mtaani huziunganisha upya kwa mahitaji yake: kiti kirefushwe, shokomzoba za nyuma ziongezewe springi, karia ya chuma iwekwe, mwavuli ufungwe.

Februari 24, 2018, Rais Museveni na Rais Kenyatta walizindua Busia kituo cha pamoja cha mpakani, ambapo msafiri hukaguliwa mara moja upande anaouingia badala ya mara mbili. Lile pengo lililozaa bodaboda likafungwa rasmi, na waendeshaji hawakuhama; walishapata kazi nyingine mjini. Mizigo ya Uganda sasa hulipiwa kodi ikiwa ingali Mombasa, chini ya utaratibu wa eneo moja la forodha ulioanza 2014. Meza ya forodha imesogea kilomita mia kadhaa kuelekea bahari, lakini maswali yake ni yale yale.

Basi mtu wetu wa Kiyeyi mwenye hamu ya Seven yake afanyeje? Akiagiza sanduku, ule mstari wa ushuru nafuu wa magari yasiyounganishwa umekusudiwa viwanda vya kuunganisha, si ua wake. Kwa hiyo atahesabiwa gari zima: ushuru wa asilimia 25 juu ya bei, bima na nauli, kisha kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18 juu ya jumla hiyo, na kodi ya zuio asilimia 6. Bado hajanunua mashine ya kuchomelea. Akifikiria kuleta gari kuukuu la Japani alivue injini, Uganda tangu 2018 imekataza kuingiza gari lililopita miaka 15 tangu kutengenezwa, na Kenya kwa upande wake haikubali lililopita minane.

Njia iliyobaki ndiyo wanayoijua mafundi wa Tororo, na haihitaji kreti wala meli. Ni gari lililokwisha kufa huku huku. Corolla iliyopinduka, pikapu iliyoungua waya, imelala nyuma ya gereji magurudumu yamechukuliwa na nyasi zimeingia kwenye boneti. Ushuru wake ulilipwa zamani na mtu mwingine. Ikiwa namba ya chasisi inasomeka na logbuku ipo, gari hilo kisheria lingali hai, na linaweza kupokea injini nyingine, gia nyingine, bodi nyingine, kila badiliko likiandikishwa na kukaguliwa. Kwa sababu hiyo, katika mapatano ya bei, injini iliyokwama haimtishi mnunuzi, wala kioo kilichopasuka. Anainama kwanza na tambara lenye mafuta ya taa, anasugua kutu kwenye ukuta wa chumba cha injini mpaka tarakimu za chasisi zionekane, anazisoma moja moja akizilinganisha na karatasi aliyoshika muuzaji. Zikioana, ndipo wanapoanza kuzungumzia pesa.